Usukani Mgumu wa Pikapu: Tafuta Ugumu Ulipo Kabla ya Kununua Kipuri

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu wa ufundi wa magari, madereva, wamiliki wa magari, na vijana mnaojifunza kazi hii,

Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia tatizo ambalo wengi wetu tumekutana nalo, ama tukiwa tumeshika usukani, ama tukiwa tumelala chini ya gari. Pikapu iliyokuwa ikikata kona kwa mkono mmoja inaanza kudai mikono miwili. Dereva anarudi safarini mabega yakimuuma. Mwenye gari anaambiwa abadili pampu, na pampu ikishabadilishwa anaambiwa sasa abadili stelingi boksi, yaani boksi la gia za usukani, na baada ya gharama zote hizo usukani unabaki vilevile. Hoja yangu leo ni moja, nami sitaiacha: ugumu wa usukani una mahali pake, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole, na kazi ya kwanza ya fundi ni kupaonyesha kabla hajataja jina la kipuri chochote.

Tuanze kwa kufuata njia ya nguvu. Dereva anapozungusha usukani, mzunguko huo hushuka kwenye shafti, hupita katika krosi moja au mbili zinazoiwezesha shafti kupinda kufuata nafasi iliyopo kando ya injini, kisha huingia katika stelingi boksi. Ndani ya boksi la pikapu nyingi za kazi mna skrubu nene inayozunguka juu ya gololi, nati kubwa iliyoivaa skrubu hiyo, na gia inayosukumwa na nati. Gia hiyo hugeuza mkono wa pitmani, mkono huvuta au kusukuma fimbo, na fimbo, kwa kupitia tairodi endi, yaani jointi iliyo mwishoni mwake, hugeuza magurudumu, ambayo nayo hugeukia juu ya bolijointi, yaani jointi ya duara, au kingipini, yaani pini nene ya chuma. Pikapu nyingi zilizotengenezwa miaka ya karibuni hutumia reki, yaani fimbo yenye meno inayosukumwa kushoto na kulia, badala ya boksi, lakini njia ya nguvu haibadiliki sana, na kila nitakalosema juu ya kutenganisha sehemu linazihusu pia.

Kuna jambo katika njia hiyo ambalo naomba tulikazie macho, kwa maana wengi hulipita. Kwa kawaida usukani wa pikapu huzunguka takriban digrii 14 hadi 20 ili gurudumu ligeuke digrii 1. Maana yake ni kwamba ukinzani uliopo kwenye gurudumu hugawanywa na gia kabla haujafika mikononi mwa dereva, ilhali ukinzani uliopo juu ya boksi, yaani kwenye shafti na krosi zake, humfikia wote bila kupunguzwa. Zaidi ya hayo, msaada wa mafuta huanzia kwenye boksi. Mlangoni mwa boksi pana fimbo nyembamba ya chuma inayojipinda kidogo dereva anapozungusha usukani. Kujipinda huko ndiko kunakofungua vali na kuyaelekeza mafuta yenye presha upande unaotakiwa. Kwa hiyo pampu humsaidia dereva kushinda uzito ulio chini ya vali hiyo tu. Krosi iliyoganda kwa kutu iko juu yake, na hakuna pampu duniani, hata iwe mpya kiasi gani, itakayomsaidia dereva kuishinda.

Msaada huo wenyewe haukuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1926 mhandisi Mmarekani Francis W. Davis, aliyewahi kufanya kazi katika idara ya malori ya kampuni ya Pierce-Arrow na kuona jinsi magari mazito yalivyowachosha madereva, alionyesha gari lenye usukani unaosaidiwa na mafuta. Ikabidi kusubiri hadi mwaka 1951 ndipo kampuni ya Chrysler ilipoanza kuwauzia watu gari la Imperial lenye msaada huo. Nataja historia hii kwa sababu inatukumbusha kwamba usukani wa gari ulibuniwa kufanya kazi bila pampu, na kwamba chini ya mafuta na presha yote bado kuna mashine ya vyuma inayohitaji kuzunguka kwa ulaini. Fundi anayeanza na kumaliza uchunguzi wake kwenye pampu ameiacha mashine hiyo bila kuigusa.

Kabla ya kushika spana, muulize dereva, na umsikilize kwa makini, kwa sababu yeye ameishi na tatizo hilo kila siku. Usiishie kumuuliza kama usukani ni mgumu. Muulize ni mgumu lini, upande gani, na wa namna gani. Usukani ulio mzito gari likiwa limesimama au likijongea polepole, kisha ukawa wa kawaida mwendo ukiongezeka, unaelekeza macho kwenye msaada: mkanda, mafuta, pampu. Usukani unaolainika mara tu dereva anapokanyaga mafuta kidogo, huku gari likiwa limesimama, unatuambia kwamba pampu haitoi vya kutosha injini ikiwa katika mzunguko wa chini, ama kwa uchovu wake, ama kwa mkanda unaoteleza juu ya puli. Usukani mzito upande mmoja na mwepesi upande mwingine unatuelekeza ndani ya boksi au reki, kwenye vali au sili, yaani mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, zinazovujisha presha upande huo. Ule ulio mgumu asubuhi kisha ukalegea baada ya safari fupi unatufanya tuyashuku mafuta mazito au yaliyochakaa, na katika reki, sili zilizopoteza ulaini wake. Nao ule unaoshika na kuachia, ukashika tena na kuachia tena katika mzunguko mmoja wa usukani, karibu kila mara unaelekeza kwenye krosi.

Liko swali jingine ambalo naliona kuwa muhimu kuliko yote, nalo ni hili: ukikata kona kisha ukaulegeza mkono, usukani unarudi wenyewe? Gari lenye afya hurudisha usukani katikati kwa sababu ya jinsi ekseli ya mbele ilivyopangwa. Pampu ikiwa dhaifu, usukani utakuwa mzito lakini kwa kawaida utarudi. Usukani usiorudi, unaobaki pale ulipouachia na kulazimisha dereva aurudishe kwa mkono, una ukinzani wa chuma kwa chuma mahali fulani: bolijointi kavu, kingipini iliyoshika, boksi lililokazwa kupita kiasi, au krosi iliyoganda. Kwa swali hilo moja tu umeligawa tatizo mafungu mawili, na hujachafua mikono.

Yapo pia mambo yasiyohitaji kufungua chochote. Pima upepo wa matairi ya mbele kwa geji, tena yakiwa ya baridi, na ulinganishe na kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko kilichopo pembeni mwa mlango wa dereva. Tairi lililolegea hulala chini na kung'ang'ania barabara. Angalia kama matairi na rimu ni za ukubwa uliokusudiwa, kwa maana matairi mapana na rimu zinazolisukuma gurudumu nje huongeza nguvu inayotakiwa kuligeuza. Kuhusu mzigo, watu wengi husema usukani ni mgumu kwa sababu gari limejazwa, lakini mzigo uliowekwa nyuma ya ekseli ya nyuma huinua pua ya gari na kuupunguza uzito wa mbele, hivyo usukani huwa mwepesi, na wepesi huo nao ni wa hatari. Uzito unaoukaza usukani ni ule uliofungwa mbele, kama bampa nene ya chuma au mashine ya kuvutia gari.

Kwa pikapu zinazoendeshwa kwa magurudumu manne, naomba madereva wanisikilize hapa kwa makini. Katika pikapu nyingi za aina hiyo, ukiingiza magurudumu manne, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja na kulazimika kuzunguka kwa kasi ileile. Lakini gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope au mchanga, tofauti hiyo humezwa kwa matairi kuteleza kidogo. Kwenye lami kavu hayatelezi, nguvu hujikusanya katika shafti na gia, usukani hukaza, na gari huhisi kama limeshikwa breki. Dereva aliyetoka kwenye matope na kusahau kuirejesha gia kwenye magurudumu mawili anaweza kufika gereji akilalamikia usukani, ilhali dawa yake ilikuwa kuusogeza mkono wa gia tu. Akiendelea hivyo kwa muda mrefu, atakuwa anaharibu matairi na gia za kati zinazogawa nguvu mbele na nyuma.

Hayo yakishaondolewa, sasa tuinue gari. Weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, inua mbele kwa jeki, kisha lilaze gari juu ya stendi imara pande zote mbili, chini ya fremu au ekseli. Jeki ni ya kuinulia na si ya kushikilia gari, na sitaki kusikia kwamba kijana yeyote aliyenisikiliza leo amelala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka ufunguo kwenye nafasi inayofungua kufuli ya usukani, lakini usiwashe injini. Zungusha usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Utahisi uzito kidogo, kwa kuwa unayasukuma mafuta kurudi kupitia mabomba, lakini uzito huo unatakiwa kuwa sawasawa mwanzo hadi mwisho. Ukihisi mahali unaposhika, au mkwaruzo, au ugumu ambao hautofautiani na ule wa magurudumu yakiwa chini, umeshajua kwamba tatizo ni la vyuma. Na ikiwa unazunguka kwa ulaini kabisa, vyuma havina kesi, na unaweza kwenda kwenye mafuta na mkanda ukiwa na uhakika.

Ikithibitika kwamba tatizo ni la vyuma, ndipo kazi ya kutenganisha inapoanza, na hii ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi huiruka kwa kuogopa jasho. Toa spliti pini, yaani pini ndogo inayozuia nati isifunguke, ya jointi inayounganisha fimbo na mkono wa pitmani, legeza nati, na uachanishe jointi hiyo kwa pula, yaani chombo cha kuing'olea, au kwa kuligonga tundu la mkono kutoka pembeni kwa nyundo. Usiupige mwisho wa skrubu ya jointi yenyewe, kwa sababu utaziharibu nyuzi zake na jointi iliyokuwa nzima itakuwa imekufa mikononi mwako. Sasa una mifumo miwili iliyoachana. Shika gurudumu la mbele kwa mikono miwili uligeuze kushoto na kulia. Kisha nenda kwenye usukani uuzungushe. Ugumu utakuwa umebaki upande mmoja kati ya hizo mbili. Jihadhari tu usilizungushe boksi kwa nguvu hadi mwisho wake likiwa limeachanishwa, maana vizuizi vya ndani havikutengenezwa kupigwa hivyo.

Ikiwa ugumu umebaki upande wa usukani, gawanya tena. Hakikisha magurudumu na usukani vilikuwa vimenyooka, weka alama kwa rangi mahali shafti inapoingia kwenye boksi, kisha ufunge usukani usizunguke, hata kwa mkanda wa kiti. Hilo la kuufunga usukani si pambo: katika magari yenye mfuko wa hewa wa usalama, chini ya usukani mna utepe wa waya uliokunjwa wenye mizunguko yenye kikomo, na usukani ukiachwa uzunguke ovyo utepe huo utakatika utakapourudishia. Ukishaitoa shafti kwenye boksi, fungua usukani na uuzungushe taratibu ndani ya kikomo hicho. Ukiwa mgumu, kosa liko kwenye shafti, beringi zake au krosi. Ukiwa laini, kosa ni la boksi.

Nilipata kuletewa pikapu ambayo gereji moja ilikuwa imeibadilishia pampu na boksi, vyote vipya, na bado dereva alikuwa akiinama na kuukumbatia usukani kila alipokata kona. Nilipoachanisha mkono wa pitmani, magurudumu yaligeuka kwa urahisi. Nilipoiachanisha shafti kutoka kwenye boksi, ugumu ulibaki juu. Krosi ya chini ilikuwa karibu na bomba la moshi, mahali panapopata joto na maji ya barabarani kwa zamu. Nilipoikunja kwa mkono ilikataa upande mmoja, na unga mwekundu wa kutu ukanidondokea kwenye kiganja. Kipande hicho kidogo ndicho kilichokuwa kimemtesa mtu yule muda wote, na vipuri viwili vya gharama vilikuwa vimeondolewa bila kosa lolote. Yapo mafuta ya kulegeza kutu ambayo ukiipulizia krosi ya namna hiyo, usukani hulainika papo hapo. Yatumie kuthibitisha ugonjwa, lakini usimrudishie mtu gari kwa dawa hiyo. Kutu itarudi, na krosi iliyoliwa na kutu inaweza kushika wakati dereva anahitaji kukwepa. Badilisha krosi, au shafti nzima pale ambapo krosi haitolewi. Na kwa pikapu zilizoinuliwa kimo, kagua pembe ya shafti, kwa kuwa kuinua mwili wa gari juu ya fremu huongeza mkunjo wa krosi hata zikiwa mpya.

Sasa nizungumzie boksi, na hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu tatizo hili mara nyingi tunalitengeneza sisi wenyewe mafundi. Juu ya boksi kuna skrubu ndogo yenye nati ya kuifunga. Usukani ukianza kuwa na mchezo, yaani kuzunguka kidogo bila magurudumu kufuata, fundi mwenye haraka huifikia skrubu hiyo, huikaza hadi mchezo uishe, na mteja huondoka akifurahi. Baada ya muda gari linarudi usukani ukiwa mgumu, haurudi katikati, na barabarani dereva anahangaika kulisahihisha gari kushoto na kulia. Gia za ndani ya boksi zimetengenezwa zibanane zaidi kidogo katikati na zilegee kidogo pembeni, ili gari litulie likienda moja kwa moja. Ukiikaza skrubu magurudumu yakiwa yamegeuka upande, ukaondoa mchezo ule ambao ni wa haki yake, gia zitakapofika katikati zitabanana vibaya na kuanza kulana pamoja na gololi. Tena, mara nyingi mchezo wenyewe haukuwa kwenye boksi; ulikuwa kwenye tairodi endi iliyochoka au kwenye nati za kulifunga boksi kwenye fremu.

Utaratibu unaofaa ni huu. Kwanza ondoa mchezo wote ulio nje ya boksi. Kisha tafuta katikati ya boksi kwa kuhesabu mizunguko kutoka mwisho hadi mwisho na kurudi nusu yake, huku fimbo ikiwa imeachanishwa. Hapo ndipo unapoweza kuigusa skrubu, kwa robo ya mzunguko au chini yake, ukipima kila mara kwa kuuzungusha usukani kupita katikati. Kubana kidogo katikati ni kwa kawaida. Kukwama si kwa kawaida. Ikiwa boksi limeshikilia mahali pengi au linakwaruza, hakuna skrubu itakayoliponya, na linahitaji kufunguliwa au kubadilishwa.

Upande wa magurudumu, mshukiwa mkuu ni ukavu. Bolijointi na tairodi endi huishi ndani ya kofia ya mpira iliyojaa grisi. Mpira ukipasuka, grisi hutoka, matope na maji huingia, na kutu huanza kazi. Pindua mpira na uangalie ndani: grisi iliyogeuka kuwa uji wa kahawia ni ushahidi wa kutosha. Palipo na nipeli, yaani tundu la kuingizia grisi, piga grisi mpaka ile ya zamani itoke, lakini jointi iliyokwisha kukwaruza haiponi kwa grisi, ni ya kubadilisha. Kwa ekseli zenye kingipini, kuna kosa la kila siku la kupiga grisi gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Uzito wa gari huzibana nyuso ambazo ndizo zinazoihitaji grisi zaidi, nayo hupita pembeni na kudondoka chini. Inua ekseli kwanza, magurudumu yaning'inie, kisha piga grisi huku mwenzako akiligeuza gurudumu kushoto na kulia. Wapo waliosema kingipini zao zimekufa, kumbe zilikuwa hazijawahi kupata grisi mahali pake.

Ikiwa jaribio la kuinua gari lilionyesha kwamba vyuma ni laini, basi tumefika kwenye mkanda na mafuta. Mkanda unaong'aa kama kioo upande wa ndani au wenye nyufa umechoka. Ukilia kwa sauti kali usukani unapofika mwisho, unateleza. Kwa mikanda inayokazwa kwa mkono, bonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu. Kwa magari mengi mkanda hutakiwa kuzama kama milimita 10, ingawa kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Usikaze kupita hapo, kwani utaua beringi za pampu.

Mafuta yapime kwa alama zilizo kwenye chombo chake, ukikumbuka kwamba alama ya moto na ya baridi si moja. Mafuta mengi ya pawa, yaani ya msaada wa usukani, ni mekundu au ya manjano hafifu. Yakiwa meusi na yenye harufu ya kuungua, yamemaliza kazi. Yakiwa na chembe zinazometa, pampu au boksi linajila. Yakiwa na povu au rangi ya maziwa, yamechanganyika na hewa, na hapo utasikia pampu ikiguna. Tumia aina iliyotajwa na mtengenezaji peke yake. Naomba hasa mafuta ya breki yasiingie humo hata mara moja, hata njiani, hata kwa dharura, kwa kuwa sili za mfumo huu hazikutengenezwa kwa ajili yake, zitavimba na kulainika, na utakuwa umeugeuza upungufu wa nusu chupa kuwa ukarabati wa mfumo mzima. Ukiongeza mafuta leo na kesho yakapungua tena, tafuta yanakotokea, lakini usiupapase kwa mkono mtupu mpira wa presha injini ikiwa inafanya kazi. Ndani yake presha hupita bar 70 usukani unapofika mwisho, na uzi mwembamba wa mafuta kwa presha hiyo unaweza kutoboa ngozi.

Hewa hutolewa kwa subira. Magurudumu yakiwa yameinuliwa na injini imezimwa, zungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho mara 20 hivi, ukiongeza mafuta yanaposhuka, hadi viputo vikome. Ndipo uwashe injini na kurudia, bila kuushikilia usukani mwishoni zaidi ya sekunde 5. Katika baadhi ya magari chujio liko ndani ya chombo cha mafuta, nalo likiziba, mafuta hayarudi vizuri na pampu hukosa cha kuvuta. Mpira wa kurudishia nao unaweza kuvimba kwa ndani huku nje ukionekana mzima.

Baada ya hayo yote, kama usukani bado ni mzito, ndipo tunaipima pampu kwa geji yenye vali, iliyofungwa kati ya pampu na boksi. Funga vali kwa muda usiozidi sekunde 5 na usome presha. Ikifika kiwango cha mtengenezaji, pampu ni nzima na presha inapotelea ndani ya boksi. Isipofika, pampu au vali yake ndiyo yenye kosa. Kipimo hicho cha muda mfupi kingeweza kuzuia pampu nyingi nzima zisitupwe. Gereji isiyokuwa na geji hiyo inabahatisha, na anayelipia ubahatishaji huo ni mteja.

Pikapu zenye msaada wa umeme zina mota mahali pa pampu, na kanuni ya kutenganisha haibadiliki. Kinachoongezeka ni kuanza na betri, altaneta, fyuzi na waya wa kurudishia umeme kwenye mwili wa gari, maana mota hiyo hula umeme mwingi na huzimwa na kompyuta umeme ukishuka. Taa ya usukani ikiwaka, soma hitilafu kwa mashine. Jueni pia kwamba mota ikipata moto baada ya kugeuza usukani mara nyingi gari likiwa limesimama, kompyuta hupunguza msaada hadi ipoe, na huo si ubovu.

Kwa madereva nina ombi moja zito. Msaada ukikatika barabarani, usukani haufungiki. Unakuwa mzito ghafla, lakini bado unageuza magurudumu. Ushike kwa mikono miwili, punguza mwendo, na utoke pembeni mwa barabara. Angalia taa ya betri na geji ya joto, kwa sababu katika magari mengi mkanda uleule huzungusha pampu, altaneta na pampu ya maji, na ukikatika, injini nayo itachemka. Na kamwe msizime injini mkiwa mnashuka mlima ili kuokoa mafuta: mtakuwa mmeukata msaada wa usukani na ule wa breki kwa wakati mmoja, mahali ambapo mnauhitaji zaidi.

Kazi ikimalizika, kila jointi iliyoachanishwa irudishiwe spliti pini mpya. Nati ya jointi ikikazwa kwa kipimo chake na tundu lisilingane, ongeza kukaza hadi lilingane, usilegeze kurudi nyuma. Kama ulibadilisha tairodi endi au bolijointi, gari liende kwenye alaimenti, yaani kupangwa upya kwa pembe za magurudumu. Kisha liendeshe mwenyewe, mahali pa wazi na kwa mwendo wa polepole, ukate kona kushoto na uulegeze mkono, ukate kona kulia na uulegeze tena. Usukani ukirudi wenyewe pande zote mbili, likabidhi gari kwa mwenyewe. Na ukirudi upande mmoja tu, lirudishe juu ya stendi.

Ahsanteni sana.